Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: vielelezo visitupwe

Mheshimiwa Waziri,

YAH: UTUNZAJI WA VIELELEZO VYA UBAKAJI NA MAUAJI YASIYO NA MTUHUMIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu na mkazi wa Moshono, pembezoni mwa Jiji la Arusha. Nimeitumikia darubini na vichupa vya damu kwa miaka 31, na sasa nafuga kuku na kusoma. Sikuichagua njia ya barua ya wazi kwa kutaka kumwaibisha yeyote aliye chini yako. Barua mbili za kawaida nilizowahi kuandika kwa ngazi za chini zilipokewa, zikagongwa muhuri, na tangu hapo sijasikia neno.

Ombi langu ni moja. Naomba kila wilaya iwe na chumba kikavu, chenye kufuli na daftari, ambamo vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, vya ubakaji na mauaji ambayo mtendaji wake hajajulikana vitatunzwa bila kutupwa kwa sababu tu miaka imepita au stoo imejaa. Ili ombi hili lisionekane kuwa la mzee aliyekosa shughuli, itanibidi nikueleze habari za kesi moja ya mbali, iliyopelelezwa kwa zaidi ya miaka 20 na kuishia kwa hukumu, kisha nikueleze kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe hapa Arusha.

Binti yangu wa kwanza ni muuguzi katika mji wa Perth, magharibi mwa Australia, na ndiye aliyenisimulia kesi hiyo mwaka 2020 wakati hukumu ilipotolewa. Nilimwomba anitumie hukumu yenyewe. Ina kurasa zaidi ya 600, nami niliisoma kwa muda wa miezi miwili, kamusi ikiwa pembeni, na kuna kurasa nilizozirudia mara tatu kwa sababu zilizungumzia kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Claremont ni kitongoji cha watu wenye nafasi zao, chenye nyumba za bustani, maduka ya nguo na baa ambazo vijana huzijaza mwisho wa wiki. Ukitaka kulinganisha na kwetu, fikiria Njiro yenye kituo cha treni. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 1996, msichana wa miaka 18 aliyekuwa ametoka kucheza muziki na wenzake aliingia katika kibanda cha simu saa nane na dakika sita, akaita teksi. Dereva alifika dakika tatu baadaye na hakumkuta mtu. Mwezi Juni mwaka huohuo alitoweka mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa akifanya kazi ya kulea watoto, na mwili wake ukapatikana mwezi Agosti vichakani, upande wa kusini wa mji. Machi 1997 alitoweka wa tatu, mwanasheria wa miaka 27 aliyekuwa amerejea kutoka safari ndefu nje ya nchi kwa ajili ya harusi ya dada yake. Yeye alipatikana tarehe 3 Aprili, upande wa kaskazini. Yule wa kwanza hajapatikana hadi leo. Majina yao yameandikwa sana huko kwao, nami sitayaandika hapa, kwani wazazi wao hawakuwazaa ili wawe mifano katika barua yangu.

Polisi waliunda kikosi maalumu walichokiita Macro. Waliwashuku kwanza madereva wa teksi, jambo ambalo kila mmoja wetu angelifikiria, na madereva wengi walitoa sampuli zao ili wasafishwe. Kisha macho yote yakamwelekea mtumishi mmoja wa umma aliyekuwa akionekana akizunguka na gari lake usiku maeneo hayo. Alifuatwa waziwazi kwa miaka, nyumba ya wazazi wake ikapekuliwa, waandishi wa habari wakapiga kambi nje ya geti, na jina lake likajulikana na kila mtu mjini ingawa hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji hayo. Hakuwa na hatia. Alifariki mwaka 2018, akiwa amewahi kusikia kwamba mtu mwingine amekamatwa, lakini kabla ya hukumu kutolewa.

Naomba nisimame hapa kidogo, Mheshimiwa. Sisi tunaosoma magazeti ya hapa nyumbani tunaifahamu vizuri ile sentensi ya wananchi wenye hasira kali. Mtu wa aina ile, mseja, mkimya, anayeendesha gari polepole usiku karibu na mabaa, angekuwa Arusha asingefika alfajiri. Tairi lingepatikana, petroli ingepatikana, na kesho yake mtaa mzima ungelala usingizi mzuri kwa kuamini kwamba mambo yamekwisha. Jalada nalo lingefungwa. Na yule muuaji hasa angeendelea na kazi yake kama kawaida, maana alikuwa na kazi, tena kazi nzuri: Bradley Robert Edwards alikuwa fundi wa kampuni ya simu ya Telstra, mwenye gari la kampuni na sare ya kampuni, mtu anayefunguliwa mlango bila kuulizwa maswali, na ambaye kwa wakati wake wa mapumziko aliwasaidia watoto katika michezo ya riadha.

Hakukuwa na mpelelezi shujaa aliyemfichua. Zilizomfichua ni takataka, Mheshimiwa, na nalitumia neno hilo makusudi kama nitakavyoeleza.

Mwaka 1988, katika kitongoji kingine cha Perth kiitwacho Huntingdale, kulikuwa na mtu aliyekuwa akinyemelea nyumba za watu usiku na kuiba nguo za wanawake kwenye kamba za kuanikia. Usiku mmoja wa mwezi Februari aliingia katika chumba cha msichana wa miaka 18 aliyekuwa amelala, akamlalia na kumziba mdomo. Msichana alipambana, mtu akakimbia, na nyuma yake akaacha kimono ya hariri, joho la Kijapani. Katika nyumba nyingine ya jirani alikojaribu kuingia, polisi walichukua alama za vidole. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna aliyekufa. Lilikuwa jambo la kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari na kusahaulika, na kwa kweli lilisahaulika, isipokuwa kwamba kimono iliwekwa mahali, na kadi ya alama za vidole nayo ikawekwa mahali.

Mwaka 1990 Edwards alikwenda kurekebisha simu katika hospitali iitwayo Hollywood. Alimvamia kwa nyuma mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuwa ameketi mezani pake, akamziba mdomo kwa kitambaa, akamburuta kuelekea chooni. Mama yule alipiga mateke hadi akajinasua. Mahakama ilimtia Edwards hatiani kwa shambulio la kawaida, akapewa miaka miwili ya uangalizi bila kifungo, na kazi yake hakuipoteza. Adhabu hiyo ninaiona kuwa ya aibu kwa kipimo chochote. Hata hivyo, siku ile karani mmoja ambaye jina lake sitalijua kamwe alifanya kazi yake sawasawa: alichukua alama za vidole vya mtuhumiwa na kuzihifadhi.

Februari 1995, msichana wa miaka 17 aliyekuwa akitembea kurudi kutoka Claremont alikamatwa kwa nyuma, akafungwa, akapakiwa ndani ya gari na kupelekwa katika makaburi ya Karrakatta, ambako alibakwa na kuachwa. Aliishi. Alikwenda kupimwa, sampuli zikachukuliwa, zikawekwa.

Ndipo ninapofika kwenye kucha. Yule mwanasheria wa miaka 27 alipambana na aliyemshika, na daktari aliyeuchunguza mwili wake mwaka 1997 alizikata kucha na kuzihifadhi katika vichupa. Kichupa kimojawapo kiliandikwa kwamba kina takataka tupu zisizofaa kupimwa, na kwa hiyo kikakaa miaka bila kufunguliwa. Mwaka 2008 vilipelekwa katika maabara ya Uingereza iliyokuwa na njia mpya za kupima chembe ndogo mno. Huko, chini ya kucha, zilipatikana chembe za vinasaba (DNA) vya mwanamume, na vilipolinganishwa vilikuwa vilevile vya mbakaji wa makaburini wa mwaka 1995. Sasa polisi walijua kwamba ni mtu mmoja. Hawakujua ni nani. Ilichukua miaka minane mingine hadi mtu fulani alipoitoa ile kimono ya mwaka 1988 katika stoo na kuipima. Mtu ni yuleyule. Alama za vidole za Huntingdale zikalinganishwa na kumbukumbu zote, zikakutana na zile zilizochukuliwa hospitalini mwaka 1990, na hapo kwa mara ya kwanza vinasaba vikapata jina. Wapelelezi walimfuata Edwards hadi kwenye jumba la sinema, wakaokota chupa ya Sprite aliyoitupa, wakaipima. Alikamatwa tarehe 22 Desemba 2016, karibu miaka 29 baada ya kuiacha kimono ile.

Kama mtu wa maabara nilitegemea kwamba kuanzia hapo kesi ilikuwa rahisi. Haikuwa. Edwards alikiri mashambulio ya mwaka 1988 na 1995 wiki chache kabla ya kesi kuanza, akakana mauaji yote matatu. Kesi ilianza Novemba 2019 mbele ya Jaji Stephen Hall, aliyesikiliza peke yake bila baraza, na mashahidi zaidi ya 200 walitoa ushahidi. Wakili wa utetezi hakubishana juu ya vinasaba ni vya nani. Alibishana juu ya vilifikaje pale. Sampuli za mwaka 1995 na kucha za mwaka 1997 zilihifadhiwa katika maabara moja. Je, haikuwezekana kwamba chembe za huku ziliingia kule? Maabara yenyewe ilikuwa imekiri kwamba katika baadhi ya vielelezo vya uchunguzi huo vinasaba vya watumishi wake vilipatikana mahali visipotakiwa kuwapo. Kwa siku nyingi mahakama haikuzungumza juu ya mauaji, ilizungumza juu ya vichupa: nani alikifungua, tarehe gani, katika chumba gani, alivaa glavu au hakuvaa, alikirudisha wapi. Na ile lebo ya takataka, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa uzembe, sasa ikawa ulinzi, kwa kuwa kichupa ambacho hakikufunguliwa Perth hakikuweza kuchafuliwa Perth.

Pamoja na kucha zilikuwapo nyuzi. Katika nywele na nguo za marehemu wawili zilipatikana nyuzi ndogo za bluu zinazolingana na suruali za sare ya Telstra, na nyuzi za kijivu zinazolingana na zulia na viti vya gari aina ya Holden Commodore kama lile ambalo Edwards alikabidhiwa na kampuni. Uzi mmoja haukuweza kumtia mtu hatiani. Wingi wake, na mahali ulipopatikana, ndio uliokuwa na uzito.

Tarehe 24 Septemba 2020 Jaji Hall alimtia hatiani kwa mauaji ya wawili na kumwachia huru kwa shtaka la kumuua yule msichana wa kibanda cha simu. Upande wa mashtaka ulisema kwamba aliyewaua wawili ndiye aliyemchukua wa kwanza, na jaji aliona kwamba inaelekea ni hivyo. Lakini hakukuwa na mwili, kucha wala uzi, na kuelekea si kuthibitika bila kuacha shaka. Nilipofika ukurasa ule niliifunga hukumu na kwenda kuwapa kuku maji. Sikuwahi kuona mahali pengine ambapo thamani ya kielelezo inaonekana wazi hivyo: ndugu wa wale wawili walipata hukumu kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuweka katika kichupa, ndugu wa mmoja hawakupata kwa sababu hakukuwa na kitu. Tarehe 23 Desemba 2020 Edwards alihukumiwa kifungo cha maisha, na hataweza kuomba kutoka kabla ya kutimiza miaka 40 gerezani.

Sasa, Mheshimiwa Waziri, nirudi nyumbani.

Mwaka 2004, mtoto wa dada yangu, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu na huniita mama mdogo, alivamiwa jioni akitoka tuisheni, katika njia inayopita kati ya migomba na shamba la mahindi. Alikuwa na miaka 17. Alipigana. Alipofika kwangu alikuwa amejifunga kanga ya mama mmoja aliyemkuta njiani, na mikono yake ilikuwa na udongo na damu ambayo yeye mwenyewe alisema si yake, kwa kuwa alimkwaruza yule mtu usoni na shingoni kwa nguvu zake zote. Alinyoosha mikono mbele yangu kama mtoto mdogo anayetaka kunawishwa kabla ya kula. Nikachukua beseni, nikatia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, nikamnawisha. Kucha moja baada ya nyingine. Nilitumia kijiti kutoa uchafu uliokuwa ndani, nikamwaga maji yale kwenye mgomba nyuma ya nyumba.

Mimi, mtu wa maabara. Nilijua vinasaba ni nini; nilikuwa nimehudhuria semina. Siku ile sikuwa mtu wa maabara, nilikuwa mama mdogo, na huruma yangu ilifuta ushahidi pekee ambao mtoto yule alikuwa ameutafuta kwa kucha zake mwenyewe.

Baada ya hapo tulikwenda kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitalini, kisha hospitalini, kisha tukarudi kituoni. Tulipewa RB, karatasi yenye namba ya taarifa yetu kituoni. Gauni lake lilichukuliwa likiwa na unyevu, likatiwa katika mfuko wa rambo na kufungwa fundo, na kila mwanamke anayejua kufua anaweza kukuambia nini hutokea kwa nguo mbichi iliyofungwa katika plastiki. Kituo sitakitaja, na askari aliyetupokea alikuwa mwungwana. Alifanya kama alivyofundishwa, au kama alivyoachwa bila kufundishwa. Hakuna aliyekamatwa. Mwaka 2009 nilirudi kuuliza habari za gauni, nikaambiwa kwa upole kwamba stoo ilisafishwa baada ya mvua za masika kuingia darini na kwamba vitu vya zamani huenda vilipelekwa wilayani. Wilayani nako nilikwenda. Hawakuwa na daftari la kunionyesha walipokea nini.

Wiki chache kabla ya tukio lile, wanawake wa mtaa wetu walikuwa wakilalamika kwamba nguo za ndani na kanga zinaanuliwa usiku kwenye kamba. Unajua tulifanya nini? Tulicheka kwanza. Kisha wengine wakasema ni mambo ya ushirikina, kwamba kuna mtu anatafuta nguo za wanawake kwa ajili ya dawa, na mzee mmoja akashauri tuanue nguo kabla ya magharibi. Hakuna aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na nadhani angekwenda, mwenyekiti naye angecheka. Sijui kama mwizi wa kanga na mtu wa shambani ni mtu mmoja, wala sitaki kumpakazia mtu nisiyemjua. Ninachojua ni kwamba Huntingdale ilianza kwa kamba ya nguo, na kwamba sisi hatukuwa na mahali pa kuliandika jambo letu.

Sheria tunazo, na ningependa kulisema hili mapema ili nisijibiwe kwamba muswada unaandaliwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipandisha adhabu ya ubakaji hadi kifungo kisichopungua miaka 30. Tuna sheria ya mwaka 2009 ya udhibiti wa matumizi ya vinasaba vya binadamu. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha. Amri za Jumla za Jeshi la Polisi zinaeleza, katika namba 229, namna kielelezo kinavyopaswa kuandikwa na kutunzwa. Na Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, ambayo ni Rufaa ya Jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilikwisha kutufundisha kwamba kielelezo lazima kiwe na maandishi yanayoonyesha kwa mfuatano kilikamatwa na nani, kikashikwa na nani, kikapelekwa wapi, kikapimwa na nani, hadi siku kinapoingia mahakamani. Wakili yeyote wa utetezi nchini anaijua kesi hiyo. Wakili wa Edwards hakuijua, lakini alisimama juu ya jambo lilelile kwa miezi.

Kwa hiyo sina haja ya sheria mpya. Nina haja ya paa lisilovuja. Chumba kimoja kwa kila wilaya, chenye rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni, dirisha lenye wavu na mlango wenye kufuli ambazo funguo zake zinashikwa na watu wawili tofauti. Bahasha za kaki badala ya mifuko ya plastiki. Bahasha inapumua, nguo inakauka, na bei yake ni shilingi mia chache. Daftari kubwa lenye kurasa zilizopigwa namba, ili anayechukua asaini na anayerudisha asaini. Na amri ya maandishi kutoka kwako kwamba kielelezo cha ubakaji au cha mauaji yasiyo na mtuhumiwa hakiteketezwi bila kibali cha ofisi ya mashtaka, hata kama stoo imejaa, hata kama mkuu wa kituo amehamishwa, hata kama mlalamikaji amechoka kuja kuuliza. Walalamikaji huchoka, Mheshimiwa. Nauli kutoka vijijini ni kubwa, na swali lilelile linachosha.

Hospitalini na katika zahanati, mafunzo ya siku moja yatatosha. Muuguzi, mhudumu na hata ndugu anayemleta mgonjwa waambiwe: usimnawishe mikono, usimbadilishe nguo kabla ya kumsikiliza, kata kucha juu ya karatasi safi, ikunje, andika tarehe na jina lako. Hilo lingebandikwa ukutani kwa Kiswahili chepesi kando ya lile tangazo la kunawa mikono ambalo liko kila mahali. Naona uchungu wa kejeli hiyo kila ninapopita hapo.

Lipo pia jambo la daftari la matukio madogo, nalo ndilo nisilokuwa na uhakika wa kulipanga vizuri, kwa hiyo nalileta kama nilivyolifikiria. Polisi Kata tunao. Wenyeviti wa mitaa na mabalozi wa nyumba kumi tunao. Mwanamke akisema kwamba kuna mtu alimfuata kutoka stendi hadi mlangoni, au kwamba fundi fulani alimshika akiwa peke yake ndani, au kwamba kanga zimeanuliwa, iandikwe tarehe, saa, mahali na maelezo ya mtu yule, na mara moja kwa mwezi mtu mmoja wa ofisi ya upelelezi ya mkoa azisome taarifa za Moshono, Olasiti, Muriet na Ngaramtoni zikiwa pamoja juu ya meza moja. Kila kata ikisoma zake peke yake haitaona kitu. Baada ya Edwards kukamatwa, mahakama ilisikia wanawake waliosema kwamba miaka ile ya tisini mtu mwenye gari la Telstra alisimama usiku kuwapa lifti katika maeneo hayohayo. Mmoja mmoja, kila mwanamke alikuwa na kisa cha kusimulia jikoni.

Tahadhari moja. Wapo watakaokushauri kwamba, kwa kuwa alama za vidole vyetu zipo NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, na tulizitoa tena tuliposajili laini za simu, polisi wapewe zote wachambue wanavyotaka. Sishauri hivyo. Edwards alipatikana kwa alama zilizochukuliwa kihalali kutoka kwa mtu aliyekamatwa kwa kosa la kumshambulia mwanamke. Anzeni na wale wanaokamatwa kwa makosa ya namna hiyo, hata yanapoitwa shambulio la kawaida na kumalizwa kwa faini au kwa kusuluhishwa na wazee, na hakikisheni kwamba alama zao haziliwi na panya.

Mwanangu yule sasa ni mama wa watoto wawili. Ameisoma barua hii kabla yako na ameniruhusu kuituma. Aliniomba niondoe sentensi moja, nami nimeiondoa. Kuhusu lile beseni la maji hakusema kitu, aliliruka akaendelea kusoma.

Karatasi ya RB ya mwaka 2004 bado ninayo, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia, na namba yake inasomeka. Ofisi yako ikinihitaji nitaileta mwenyewe hadi Dodoma kwa nauli yangu. Naomba tu nijibiwe kwa maandishi kama gauni lile lilipokewa wilayani, lini, na nani alisaini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Moshono, Arusha.